Bluu Nyepesi au Iliyokolea? Namna ya Kuchagua kwa Chumba cha Mwanza

Chumba chetu cha nyuma, hapa Bugarika, kimepakana na jiwe. Kutoka ukutani hadi kwenye mwamba ni hatua moja na nusu, na dirisha lake halitazami kitu kingine. Mara ya kwanza nilikipaka bluu nyepesi, ile ambayo kwenye kadi ya duka ilikuwa kama anga la Juni. Ilipokauka ikawa kijivu. Mama mkwe alikuja kututembelea, akalala humo siku mbili, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, chumba kimekuwa kama wodi."

Hakukosea. Mwaka uliofuata nikakirudia kwa bluu iliyokolea, karibu na ile ya sketi za shule ya msingi, na leo ndicho chumba ambacho wageni hugombania. Wifi yangu wa Kirumba alipokiona akaandika namba ya rangi, akaenda kupaka sebule yake inayotazama ziwa. Hakumaliza miezi mitatu. Jioni, akikaa kwenye kochi, dirisha lilikuwa linawaka kama tanuri katikati ya ukuta wenye giza, macho yakawa yanamuuma. Akarudisha nyepesi.

Rangi ni ileile, namba ileile, fundi yuleyule. Kilichotofautiana ni mwanga. Kwa hiyo kabla hujabishana na mwenzako kuhusu ipi inapendeza, fuata hatua hizi.

1. Jua chumba kinapata mwanga gani

Maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Watakwambia chumba cha kaskazini ni baridi na hakioni jua. Huko kwao ni kweli. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi linahamia kusini. Na kwa kuwa mchana linakaa karibu na utosi, bati lililochomoza kidogo linatosha kulizuia lisiingie dirishani. Kwa hiyo hapa kaskazini na kusini ni karibu sawa: mwanga mtulivu, usiochoma.

Mashariki na magharibi ndiko kwenye mambo. Jua letu huchomoza takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache jioni, na katika saa mbili za kwanza na za mwisho huingia ndani likiwa limelala. Dirisha la mashariki hukupa asubuhi kali na alasiri tulivu. La magharibi ni kinyume chake, na ukiwa Kirumba, Capri Point au popote unapolitazama ziwa, unapata jua mara mbili: lile la angani na lile linalorudishwa na maji. Ingia sebule ya wifi yangu saa kumi na moja jioni uangalie dari. Utaona mwanga unacheza kama nyavu zinazotikiswa.

Halafu kuna mwanga ambao ramani haikuonyeshi. Jiwe lililo mbele ya dirisha lako hurusha ukijivu wake ndani. Mwembe hurusha ukijani. Ukuta wa jirani uliopakwa damu ya mzee hurusha wekundu, na bluu ikipokea wekundu inaegemea zambarau. Simama katikati ya chumba ukiwa na karatasi nyeupe tupu mkononi, igeuzegeuze, uangalie inachukua rangi gani. Hiyo ndiyo itakayoingia kwenye bluu yako.

2. Jiulize unakaa humo saa ngapi

Hatua hii ni fupi lakini watu huiruka. Chumba cha kulala ambacho unaingia saa tatu usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, unakichagulia rangi ya mchana ili nani aione? Kipime kwa taa.

Angalia boksi la balbu. Penye namba 2700 au 3000 ikifuatiwa na herufi K, mwanga ni wa njano. 6500K ni ule mweupe wa kibuluu ambao umejaa madukani. Mwanga wa njano hupunguza nguvu ya bluu: nyepesi huchoka na kuegemea kijivu au kijani, iliyokolea huwa karibu nyeusi lakini yenye joto la kupendeza. Mwanga mweupe wa 6500K huamsha bluu zote, na nyepesi chini yake ndiyo hiyo "wodi" ya mama mkwe. Mimi chumbani nilibadilisha balbu kabla ya kubadilisha rangi. Ilisaidia nusu. Anza na balbu, ni rahisi kuliko ndoo.

Jambo jingine kuhusu bluu, ambalo utaliona umeme ukikatika jioni: giza likiingia, nyekundu na kahawia hufa kwanza, bluu ikabaki inaonekana. Si ukuta, ni jicho. Mwanasayansi wa Kicheki, Purkinje, alilieleza karne ya 19 na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Ndiyo maana bluu ya wastani inayoonekana ya kawaida saa nane mchana huwa na uhai saa moja jioni. Ukipima rangi, usiache saa hiyo.

3. Ijue bluu yenyewe

Ukifika dukani usiseme "nipe bluu ya ziwa". Simama Kamanga ukisubiri kivuko, utazame maji yaliyo karibu na gati: ni kijani. Bluu unayoikumbuka iko mbali, kuelekea upeo, na yenyewe hubadilika wingu likipita. Vivyo hivyo "bluu bahari" na "bluu ya mawingu": kila muuzaji ana zake. Chukua kadi ya rangi, uchague kwa namba.

Bluu karibu zote zimeegemea mahali: kijani, zambarau au kijivu. Kwenye kadi nyepesi huwezi kuona. Kuna ujanja wa bure. Kadi nyingi hupangwa kwa safu, nyepesi juu, zilizokolea chini, zote za ukoo mmoja. Ukitaka kujua ile ya juu imeegemea wapi, tazama ya chini kabisa. Kama ya chini ni kijani cha chupa, basi na ya juu, ikishajaa kuta nne, itakuonyesha ukijani wake.

Kampuni kubwa huweka pia namba ya kiasi cha mwanga ambacho rangi inarudisha, kutoka 0 ya weusi kabisa hadi 100 ya weupe kabisa. Hufupishwa LRV. Bluu nyepesi nyingi ziko 60 na kuendelea. Ile ya sare ya shule iko chini ya 10. Ukiona 60 ujue asilimia arubaini ya mwanga unaogonga ukuta inamezwa. Ukiona 8, karibu wote unamezwa, na balbu ya wati 9 iliyokuwa inatosha haitatosha tena.

Sasa uzito wa jambo. Bibi zetu walitia nili kidogo kwenye chokaa, ileile nili ya kufulia, si ili ukuta uwe wa bluu bali uonekane mweupe zaidi. Jicho likipata bluu kidogo sana husoma weupe. Ndicho kinachotokea kwenye chumba chenye jua kali: bluu nyepesi mno inapotea, unabaki unajiuliza pesa imekwenda wapi. Kwenye chumba cha giza inashindwa kwa njia nyingine, inageuka kijivu, kwa sababu haina mwanga wa kurudisha. Kwa hiyo nyepesi inahitaji mwanga wa kutosha, na hata hapo ishushe chini hatua moja kwenye kadi kuliko unavyodhani. Na chumba ambacho ni cha giza kwa asili, kama changu, usikilazimishe kuwa na mwanga ambao hakina. Kipe bluu iliyokolea. Giza lake litaonekana limekusudiwa.

Najua mafundi wengi watakubishia. Watakwambia iliyokolea inafanya chumba kiwe kidogo. Kweli inasogeza kuta karibu, lakini chumba cha kulala kikiwa karibu kuna ubaya gani? Sebule yenye watoto watano na kabati la vyombo, hapo nakubaliana nao.

Shangazi naye aliniuliza kama bluu haitaleta mbung'o, maana mitego yao, kama ile ya Serengeti, hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Ni kweli mbung'o hufuata bluu. Lakini anaishi porini, si Bugarika.

4. Jaribu kwa manila, si kwa kadi

Kama utafanya hatua moja tu, fanya hii.

Nunua kopo dogo la kila rangi unayoifikiria, mbili au tatu, zisizidi hapo. Nunua karatasi nyeupe za manila nne kwa kila rangi, zile kubwa za steshenari. Zipake mikono miwili, yaani tabaka mbili, mpaka ukingoni, usiache fremu nyeupe. Weupe wa pembeni huifanya bluu yoyote ionekane imekolea kuliko ilivyo. Ziache zikauke usiku kucha. Rangi ya maji ikiwa mbichi ni nyepesi kuliko itakavyokuwa, na watu wengi hukataa rangi nzuri, au kukubali mbaya, ikiwa bado na unyevu.

Halafu zibandike hivi. Mbili kwenye kona, zikutane, kila moja kwenye ukuta wake. Hapo kwenye mkutano utaona bluu inakolea, kwa sababu kuta zinarushiana rangi. Hivyo ndivyo chumba kizima kitakavyokuwa, hasa kikiwa kidogo, na ndiyo maana kadi ya ukubwa wa kibiriti hukudanganya. Ya tatu iweke kwenye ukuta wa dirisha, ambao hauguswi na mwanga wa moja kwa moja. Ya nne iweke ukuta unaolitazama dirisha.

Siku ya kwanza, usiamue chochote. Angalia saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Siku ya pili weka mbele yake vitu ambavyo havitaondoka: kochi, pazia, kipande cha taili. Mbao ya mninga ikikaa mbele ya bluu iliyokolea huwaka, wekundu wake unatoka kama umepakwa mafuta. Mbele ya bluu nyepesi ya kijivu mninga uleule unaonekana mzito, kama kabati la ofisi. Mapazia ya dhahabu huvumilia zote. Sakafu ya saruji nyekundu haipatani na bluu iliyoegemea zambarau, nimejaribu, usijaribu.

Ile ya ukuta wa dirisha ndiyo iliyomponza wifi. Angeibandika angeona mapema. Ukuta wenye dirisha linalotazama ziwa ukiwa wa giza, jicho linahangaika kati ya mwanga mkali na weusi uliouzunguka. Kama unataka iliyokolea kwenye chumba cha namna hiyo, iweke ukuta unaolitazama dirisha, na ule wa dirisha uache nyepesi.

5. Ukague ukuta

Bluu iliyokolea haifichi kitu. Nyepesi isiyong'aa husamehe plasta yenye mawimbi. Iliyokolea, tena ikiwa ya silki, yaani yenye mng'ao, jua la jioni likipita pembeni utahesabu kila pigo la mwiko. Tembeza tochi ukutani usiku ukiiegemeza kwenye ukuta. Mabonde utakayoyaona yazibwe kwa puti na kupigwa msasa, au ubadilishe mawazo.

Nyumba za milimani zina tatizo la ziada. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwenye jiwe na kuingia chini ya ukuta wa nyuma, kisha chumvi hutoka kama unga mweupe kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Kwenye rangi nyepesi utaona baada ya muda. Kwenye iliyokolea utaona wiki ya kwanza ya masika. Kuongeza rangi juu yake ni kutupa pesa. Chimba mfereji wa kupeleka maji pembeni kwanza, ukuta ukauke, ndipo upake. Kwangu mfereji ulichukua siku mbili za vibarua, na mpaka leo ndiyo kazi iliyolipa kuliko zote.

Plasta mpya iache siku 28 na praima, ile rangi ya chini ya ukuta, itangulie. Saruji mbichi ina ukali unaobabua rangi, na mabaka kwenye iliyokolea yanaonekana toka mlangoni.

Vumbi la kiangazi nalo huonekana zaidi kwenye iliyokolea, hasa juu ya soketi na kwenye vizingo vya kuta. Alama za vidole za watoto vilevile. Korido ya watoto ipake nyepesi ya silki inayofutika kwa kitambaa, umalize.

6. Hesabu lita kabla ya kwenda mjini

Tuchukue chumba cha futi 10 kwa 12, urefu wa kuta futi 9. Mzunguko ni futi 44, mara 9 ni futi za mraba 396, karibu mita za mraba 37. Toa mlango mmoja na dirisha moja, baki na 33. Lita moja kwenye ukuta laini hupaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja.

Nyepesi kwa mikono miwili: lita 6.6, yaani makopo mawili ya lita 4, na inabaki ya kurekebishia. Iliyokolea huhitaji mikono mitatu, kwa sababu haina weupe mwingi ndani yake na weupe ndio unaofunika: karibu lita 10, makopo matatu. Hapo bado hujaongeza kwamba rangi za kukolea huuzwa bei ya juu. Ukiamua ukuta mmoja tu wa futi 12 uwe umekolea, huo ni mita za mraba 10. Kopo moja la lita 4 linatosha mikono yote mitatu. Wengi wanaoshindwa kuamua ningewapeleka hapa, mradi ule ukuta mmoja uwe wa kichwa cha kitanda au unaolitazama dirisha, si wowote uliojitokeza.

Nunua zote kwa siku moja, zichanganywe kwa mashine moja. Fundi wangu alikuja na wazo la ndoo nyeupe ya lita 20 na tyubu za kukolezea. "Dada, mimi naikoroga mwenyewe, unaokoa." Kwa nyepesi anaweza, mradi aikoroge yote mara moja, kwa sababu ikiisha ukuta mmoja kabla hatapata tena ileile. Kwa iliyokolea usikubali. Ukijaza tyubu kwenye rangi nyeupe hupati bluu ya sare ya shule. Unapata bluu ya plastiki, na haikauki vizuri.

7. Siku ya kupaka

Mimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa, koroga, kisha ndipo rola iingie. Rangi ya makopo mawili ya namba moja inaweza kutofautiana kidogo, na iliyokolea haifichi hilo.

Anza asubuhi. Si kwa sababu ya jua tu. Ukiwa karibu na ziwa, ukipaka jioni taa inawaka na dirisha liko wazi, wadudu wa ziwani wataingia na kunata ukutani kwa mamia. Rangi nyepesi yenye nukta nyeusi nimeiona kwa macho yangu. Fundi alisema tutawafuta rangi ikikauka. Hawakufutika, tulipiga msasa ukuta mzima.

Kila ukuta umalizwe bila kusimama kwa ajili ya chai, hasa iliyokolea, la sivyo pale ulipoachia patabaki mstari. Mkono wa kwanza wa iliyokolea utakutisha. Utakuwa na michirizi kama ubao uliofutwa vibaya. Usiongeze rola palepale. Subiri muda wa saa nne, piga wa pili, na uamuzi wako uuweke mpaka wa tatu ukauke.

Kinachobaki kitie kwenye chupa safi ijae mpaka mdomoni, ufunge. Namba ya rangi usiiandike kwenye kifuniko cha kopo, kitashika kutu. Mimi nimeiandika kwenye kipande cha tepu ya karatasi ndani ya mlango wa kabati la nguo, na chini yake namba ya ile nyepesi iliyokuwa wodi, ili nisije nikainunua tena kwa bahati mbaya.